Mzima Mno Mbele ya Daktari

Kwa miaka karibu thelathini Gaolatlhe Moseki alisimama kwenye njia panda za Kimberley akiwa na glovu nyeupe, na dereva aliyepuuza mkono wake alijuta. Alikuwa askari wa trafiki wa manispaa. Mkono ukinyooka, lori linasimama. Ukipinda, msafara wa mazishi unapita wote, kuanzia gari la maiti hadi pikapu ya mwisho iliyobeba viti vya kukodi. Watu wa mtaa wake wa Galeshewe walimwita Sajini, cheo ambacho manispaa haikuwahi kumpa na ambacho yeye hakuwahi kukikanusha.

Ugonjwa ulianzia kwenye mkono huohuo. Kidole gumba na cha shahada vilianza kusuguana vyenyewe, kama mtu anayesokota uzi usioonekana. Baadaye kiganja kikafuata, kisha mguu wa upande uleule ukawa mzito. Daktari bingwa akaupa jina: Pakinsoni. Akaeleza kwamba hauui haraka na hauponi, na kwamba vidonge vyake humnyoosha mtu kwa saa chache, kisha humwachia tena mpaka kidonge kingine. Manispaa ikamstaafisha mapema, kwa keki na hotuba ndefu, na Sajini akarudi nyumbani kwake Galeshewe akiwa na pensheni, glovu zake, na uamuzi wa kutomwambia mtu yeyote.

Uamuzi huo ulimpa kazi nyingi. Mkono uliishi mfukoni. Kanisani aliukalia. Kwenye mikutano ya chama cha kuzikana aliacha kupeana mikono, na wenzake wakaona pensheni imempandisha mabega. Alipendelea waseme hivyo.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mkewe. Mama Onthatile, ambaye ni mpishi kwenye bweni la shule, aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akamfunga mumewe vifungo vya shati, vya mikono, vya kizibao cha suti, akamfunga tai, akapiga magoti akamfunga kamba za viatu. Jioni alimkatia nyama jikoni kabla ya kuileta mezani, ili ionekane imepikwa hivyo. Haya yote yalifanyika mlango ukiwa umefungwa. Ulipofunguliwa, alitoka mtu aliyenyooka kama mstari katikati ya barabara.

Kitu kimoja tu kilimshinda hata Mama Onthatile, nacho ni milango. Sajini alipofika kwenye kizingiti, au kwenye geti, au mahali popote palipokuwa pembamba, miguu ilikwama kana kwamba mtu ameimwagia gundi. Kichwa kinasema twende, miguu inabaki. Nyumbani alisubiri. Mbele za watu alijifanya anatazama mawingu, na majirani wakaanza kumwuliza kama mvua itanyesha.

Aliyeijua dawa ya miguu hiyo alikuwa fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, anayeitwa Lizelle, msichana wa Kigriqua mwenye simu iliyojaa muziki wa kwaito. Kila Alhamisi alimweka Sajini kwenye ukumbi wake mdogo, akawasha muziki, akamwambia atembee kwa mdundo wa ngoma. Ajabu ni kwamba mguu uliokataa amri ya mwenyewe ulikubali ya ngoma. Sajini, ambaye maisha yake yote aliwatoza faini vijana waliofungulia muziki huo kwenye magari, alirudi nyumbani akiunguruma mdundo huo puani.

Bima ya afya ililipia Alhamisi hizo hadi katikati ya mwaka, kisha fungu lake likaisha, kama linavyoisha kwa kila mtu Galeshewe. Kuanzia Juni walilipa wenyewe. Kufikia Julai Mama Onthatile alijua kwamba hawataweza kufika Desemba.

Na Desemba ndiyo ilikuwa mwezi wenyewe. Binti yao Onthatile alikuwa anaolewa. Mahari yalikwisha kujadiliwa, na wakwe walikuwa wanatoka Taung, watu wenye macho. Harusi huku huingia uani kwa stepu: watu kwenye mistari, hatua mbele, hatua pembeni, geuka, na baba wa bibi harusi yuko mbele kabisa. Sajini alikwisha kutangaza kwamba ataongoza. Kati ya barabara na uani kwake kuna geti, na si pana.

"Alhamisi zikikatika," Mama Onthatile alimwambia, "utakwama pale getini na ukoo mzima wa Taung nyuma yako."

"Nitatazama mawingu."

"Na harusi nzima itazame nawe?"

Wakaenda kwa Dipuo.

Dipuo Letlhage alikuwa karani wa mishahara mgodini kabla mgodi haujapunguza watu. Sasa ana chumba nyuma ya saluni ya dada yake, na msimu wa kodi unapofunguliwa mwezi wa Julai, nusu ya mtaa hupita kati ya mashine za kukaushia nywele kwenda kukaa mbele ya kompyuta yake. Anaongea kwa sauti ya juu kwa sababu ya mashine hizo, kwa hiyo siri za kodi za Galeshewe huwa zinasikika hadi kwenye beseni la kuoshea nywele.

"Mjomba Sajini," alisema, "sikiliza vizuri. Mtu wa umri wako ambaye ni mzima akitumia pesa hospitali, ofisi ya kodi inamwambia pole. Gharama zipande mlima kwanza, wakianza kuhesabu umeshachoka. Lakini mtu ambaye ugonjwa umemshika maungo, akathibitishwa na daktari, huyo hesabu yake inaanzia chini kabisa. Vidonge, fizio, zile bomba za kushikilia bafuni, mpaka petroli ya kwenda kliniki. Kodi uliyokatwa kwenye pensheni inarudi sehemu nzuri. Alhamisi zako zinafika harusini."

"Nani atathibitisha?"

"Dokta wako. Fomu hii hapa. Anajaza kwamba ugonjwa unakuzuia kufanya mambo ya kila siku hata ukiwa umemeza dawa. Na aandike unakuzuia kiasi gani. Kuna kidogo, kuna wastani, kuna vikali. Wastani inalipa. Vikali inalipa. Kidogo hailipi."

"Mimi nina kidogo," alisema Sajini.

Dipuo akamtazama Mama Onthatile. Mama Onthatile akatazama dari.

Siku ya daktari Sajini alijiandaa kama anavyojiandaa mtu wa huku anapokwenda mbele ya mkubwa. Kwa daktari huendi ovyo. Unaoga, unavaa suti ya kanisani, unang'arisha viatu, na ukiulizwa hali unajibu kwa adabu, maana daktari ana watu wengi na si vizuri kumwongezea mzigo. Mkewe alimfunga kila kifungo. Zaidi ya hapo, Sajini alifanya jambo ambalo mkewe aligundua wakiwa njiani: alikuwa amesogeza saa ya kidonge, akakimeza karibu na miadi, ili kimkute kwenye nguvu yake yote. Mama Onthatile ndiye aliyeendesha gari. Sajini alikaa pembeni akiwapa madereva wengine maelekezo ambayo hawakuyasikia.

Dokta Lategan ni mwanamke mwenye haraka na mwenye heshima, humwita kila mzee Rra, yaani bwana, na foleni yake huanza asubuhi.

"Habari yako, Rra Moseki?"

"Nzuri sana, Dokta. Na wewe? Na nyumbani?"

"Nyumbani salama. Unaweza kuvaa mwenyewe?"

"Unaona nilivyovaa, Dokta."

Alimwona. Kizibao cha suti kilikaa kama kimechorwa.

"Kula je? Kisu, uma?"

"Nakula vizuri mno. Mke wangu ni mpishi."

Mama Onthatile alifungua mdomo. Sajini akamgeuzia lile jicho lililokuwa likisimamisha malori, naye akaufunga. Baadaye alisema hakuufunga kwa woga. Aliufunga kwa sababu katika maneno yote ya mumewe hakukuwa na uwongo hata mmoja, na alikuwa bado anatafuta pa kuanzia.

Daktari akamwomba atembee kwenye korido. Mlango ulikuwa wazi kabisa, kidonge kilikuwa kileleni. Sajini alitembea kama siku ya gwaride la manispaa, akageuka mwishoni kwa kisigino, na njiani akanyoosha mkono kumsimamisha muuguzi mwenye toroli ili mzee mmoja avuke.

"Natamani wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe," alisema Dokta Lategan, akaandika, akasaini, akafunga bahasha.

Sentensi hiyo Sajini aliirudia garini. Aliirudia tena kwenye taa za barabarani. Walipofika kwa Dipuo aliirudia kwa sauti ya kushinda mashine za nywele.

Dipuo alifungua bahasha, akasoma, akaiweka mezani kifudifudi.

"Kidogo," alisema.

"Kidogo nini?" aliuliza Mama Onthatile, ingawa alijua.

"Ameandika kidogo. Anavaa mwenyewe, anakula mwenyewe, anatembea bila shida. Hapa kwenye maelezo ameongeza kwamba yuko nadhifu." Akamgeukia Sajini. "Mjomba, watu wanaokaa kwenye kiti hicho wananiletea migongo ambayo haijawahi kuuma. Nawafukuza. Mwenye maumivu ya kweli ndiye anakwenda kumdanganya daktari kwamba ni mzima?"

"Sikudanganya. Aliuliza, nikajibu."

"Alikuuliza kama unaweza kuvaa."

"Nikamwambia anaona nilivyovaa."

Kutoka upande wa saluni mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Basi rudi," alisema Dipuo. "Omba miadi nyingine kabla msimu haujafungwa. Lakini nisikilizeni wote wawili. Sitaki maigizo. Usiruke kidonge, ni hatari, na ofisi ya kodi si wajinga, wanaweza kumwita daktari wenyewe wakamwuliza. Nataka daktari amwone mtu anayeishi nyumbani kwenu. Basi."

Hilo lilikuwa gumu kuliko lilivyosikika. Sajini alikuwa na namna mbili tu za kuwa mbele za watu: gwaride na kutokuwepo. Jioni moja mkewe alimwomba amwonyeshe atakavyoingia kwa daktari. Akatoka sebuleni, akarudi akiburuta mguu, kichwa kimelala begani, mdomo wazi, mikono inacheza kama majani kwenye upepo wa Agosti.

Onthatile, aliyekuja kupima nguo za wasimamizi, alilazimika kukaa chini.

"Huko ni kufa, baba," alisema. "Mama kasema kuugua."

"Nyinyi mnataka niwe mgonjwa. Nikiwa mgonjwa mnacheka."

"Hakuna anayetaka uwe mgonjwa," alisema Mama Onthatile. "Tunataka uwe wewe, kama unavyokuwa nikishafunga mlango."

Sajini akanyooka. Akasema mtu aliyeko nyuma ya mlango si wa kuonyeshwa watu, na kama hilo ndilo wanalotaka, harusi ifanyike bila stepu, wageni waingie wakitembea kama watu wanaokwenda benki. Akaenda kulala. Njiani alikwama kwenye mlango wa chumba cha kulala, na wote wawili sebuleni wakasikia kimya chake, kisha mdundo wa puani, kisha hatua.

"Ataongoza vipi?" aliuliza Onthatile kwa sauti ndogo.

Asubuhi ya miadi, baridi ikiwa bado imeganda kwenye bomba la nje, Mama Onthatile alitandaza juu ya kitanda shati, kizibao, suti, tai, soksi na viatu, kama afanyavyo siku zote, kisha akasimama mlangoni.

"Leo unavaa mwenyewe."

"Tutachelewa."

"Tumeamka mapema."

"Mama Onthatile."

"Ulimwambia daktari anaona ulivyovaa. Leo aone."

Alikwenda jikoni, akakoroga uji mchachu wa mtama, akafungulia redio. Aliifungulia juu kuliko kawaida, maana hakutaka kusikia. Hata hivyo alisikia kiatu kikianguka, na mara moja alisikia jina lake likitajwa taratibu, si kwa kuitwa, kwa kulaumiwa tu. Alitoka akafika hadi nusu ya korido. Akarudi akaendelea kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva zamani. Kidonge Sajini alikuwa amekimeza saa yake ya kila siku, saa ile aliyoandika daktari mwenyewe, ambayo iliifanya miadi yao iangukie wakati nguvu ya kidonge inashuka.

Sajini alipotoka, uji ulikuwa umepoa na kushika ngozi. Shati lilifungwa kuanzia tundu la pili, kwa hiyo upande mmoja wa kola ulimgusa sikio. Kizibao kilikuwa na kifungo kimoja kilichopata tundu, na si lake. Tai ilikuwa mfukoni. Viatu aliviingiza miguu, kamba zikiburuta, na Mama Onthatile akaziingiza ndani ya viatu kwa kidole, kwa sababu alitaka daktari amwone, hakutaka aanguke.

Wakati wote garini Sajini hakuelekeza dereva hata mmoja.

Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa, na aliyekaa karibu na hita, mguu mmoja umefungwa bandeji na fimbo kati ya magoti, alikuwa mzee Sehularo. Huyu ana lori la makaa ya mawe. Kwa miaka mingi lori hilo na glovu nyeupe vilikuwa maadui wanaofahamiana. Sehularo alimkagua Sajini kutoka kola hadi viatu bila haraka, kama vile yeye mwenyewe alivyokaguliwa mara nyingi pembeni ya barabara.

"Sajini," alisema. "Nani kakuvalisha leo, upepo?"

"Nimevaa mwenyewe."

"Naona. Mimi ulinipiga faini kwa taa moja ya nyuma. Kwa shati hili ungeninyang'anya leseni."

Watu wawili watatu wakatazama magazeti yao kwa bidii. Sajini alikaa. Mkono, ambao kidonge kilikuwa kimeanza kuuacha, ulitoka mfukoni wenyewe ukaanza kusokota uzi wake juu ya goti, mbele ya kila mtu. Akaukamata kwa mwingine. Ukaendelea.

Sehularo aliacha kutabasamu. Alitazama mkono, akatazama shati, na ilionekana wazi anahesabu nyuma: mikutano ya chama, mikono isiyopeanwa, mabega yaliyodhaniwa ya pensheni. Kisha akajiegemeza kwenye fimbo, akainuka kwa mguu wake mbovu, akaja akamwinamia.

"Tulia, mkubwa. Nikuweke sawa hiki cha juu tu, usiingie hivi kwa yule mama."

"Usiguse," alisema Mama Onthatile.

"Mama, nataka kumsaidia."

"Najua, na Mungu akubariki. Rudi ukae. Shati hilo liko kazini."

Sehularo akabaki ameinama, mikono hewani, akimtazama mmoja na mwingine.

"Kazini?"

"Mambo ya kodi," alisema Sajini kwa unyonge.

Inaelekea hilo lilimtosha. Mtu mwenye lori huelewa kwamba mambo ya kodi yanaweza kumfikisha binadamu popote. Alirudi kwenye kiti chake, na jina la Moseki lilipoitwa, aliusogeza mguu wake wenye bandeji ili njia iwe pana.

Mlango wa Dokta Lategan, hata hivyo, haukuwa mpana. Siku hiyo ulikuwa wazi nusu. Sajini alifika kwenye kizingiti, akakwama.

Hapakuwa na mawingu ya kutazama, dari tu. Daktari aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake kusema karibu, akaona, akaweka kalamu chini. Nyuma, Mama Onthatile alishika mkoba wake kwa mikono miwili ili isiende kumsukuma. Sajini alifumba macho. Ikasikika ngoma ndogo, tum, tum-tum, tum, kutoka puani kwa mtu mzima aliyevaa suti. Kisha mguu mzito ukainuka, akaingia.

"Hiyo huwa inatokea mara nyingi?" aliuliza daktari.

"Milangoni tu, Dokta."

"Nyumba yako ina milango mingapi?"

Sajini alikaa. Dokta Lategan akazungusha kiti chake upande wa meza, wakawa uso kwa uso, na akatazama shati bila kujificha.

"Rra Moseki, ile mara ya kwanza, nani alikuvalisha?"

Ukutani kulikuwa na picha ya ubongo, yenye rangi nyingi. Sajini aliisoma yote.

"Yeye," alisema.

"Kila kitu?"

"Soksi nilivaa mwenyewe."

"Moja," alisema Mama Onthatile.

Daktari aligeuza uso kidogo kuelekea dirishani, akarudi akiwa ametulia. Akaanza maswali yote upya, safari hii akiwauliza wote wawili. Nani anakata nyama. Nani anafunga kamba. Kuoga je, kuandika je, kugeuka kitandani. Sajini alijibu mengine kwa sentensi, mengine kwa kidevu. Alipofika mwisho, Dokta Lategan alichukua fomu mpya.

"Ungeniambia siku ile," alisema.

"Ulikuwa na watu wengi nje, Dokta. Nikaona nisikuchoshe."

Aliandika kwa muda. Kwenye mstari wa kiasi gani aliandika wastani, akafikiri, akaongeza hadi vikali. Kisha kalamu ikafika kwenye visanduku viwili vya mwisho, cha muda na cha kudumu, na hapo mkono wake ukapungua mwendo. Hadi wakati huo hakuna aliyekuwa amelisema neno hilo mbele ya Sajini. Wote walisema hauponi, ambalo ni neno lenye mlango wa nyuma.

"Hapa lazima niweke alama, Rra Moseki."

"Naona unakokwenda," alisema Sajini. "Njia iko wazi. Pita."

Akaweka alama.

Mama Onthatile, aliyepigania karatasi hiyo tangu Julai, aliipokea akaikunja ndani ya mkoba, kisha akatafuta leso humohumo kwa muda mrefu kuliko leso inavyostahili.

Dipuo aliisoma siku hiyohiyo, kati ya mteja wa rasta na mteja wa kunyoosha nywele.

"Sasa hii ni fomu," alisema. "Wastani hadi vikali. Ya kudumu. Mjomba, kwa kudumu huhitaji kurudi tena karibuni. Hii inatumika miaka kumi."

Sajini, aliyekuwa amekaa ameinamisha kichwa tangu waingie, akakiinua.

"Miaka mingapi?"

"Kumi. Ndipo wanataka nyingine."

"Kwa hiyo ofisi ya kodi," alisema polepole, "inanitarajia niwepo miaka kumi. Wamekaa, wamepiga hesabu, wameona huyu mtu atafika."

"Sivyo inavyo—" alianza Dipuo, kisha akamwona Mama Onthatile akitikisa kichwa nyuma ya Sajini. "Ndiyo, Mjomba. Kitu kama hicho."

Habari hiyo aliipeleka mwenyewe kwenye mkutano wa chama cha kuzikana. Aliingia, akakwama mlangoni, akapita, akapeana mikono na watu wote, mkono ukitetemeka ndani ya mikono yao. Kabla hawajapata cha kusema, akawaarifu kwamba ana ugonjwa wa kudumu uliosainiwa, na kwamba serikali imempa miaka kumi kwa maandishi. Akamgeukia Sehularo.

"Na wewe na mguu wako, wamekupa mingapi?"

"Mimi wameniambia nirudi Jumatatu," alisema Sehularo.

"Jumatatu," alirudia Sajini kwa huruma, akakaa.

Ofisi ya kodi iliomba risiti, kama inavyoomba, na Mama Onthatile alikuwa nazo zote. Septemba pesa zikaingia. Hazikuwa utajiri. Zilikuwa Alhamisi, zilizopangwa moja baada ya nyingine hadi upande wa pili wa Krismasi, na Lizelle alizipokea kwa kubadilisha wimbo.

Oktoba, siku zilipokuwa zinarefuka, mazoezi ya stepu yakaanza barabarani mbele ya nyumba. Mistari ilikuwa na mashangazi, wasimamizi, Dipuo na rola kichwani, na watoto wa jirani ambao hakuna aliyewaalika. Sajini alikuwa mbele, Onthatile pembeni yake. Hatua mbele, hatua pembeni, geuka. Barabarani alikwenda vizuri. Alikuwa na kasoro moja tu, ya kuwakosoa walio nyuma bila kugeuka.

Walipofika getini miguu ikashika. Mstari wa pili ukaugonga wa kwanza, wa tatu ukaugonga wa pili, na muziki ukaendelea peke yake ukiingia uani. Onthatile akamshika baba yake kiwiko kwa chini, pasipoonekana, akaanza kusema kwa sauti kwamba wapumzike, jua ni kali.

"Jua si kali," alisema Sajini. Akageuza kichwa kwa watu wote, kwani kichwa kilikuwa bado kinamtii. "Miguu yangu imekwama. Ni ugonjwa, hufanya hivi penye mlango. Rudisheni wimbo mwanzo, na mpige makofi, ngoma isikike."

Wimbo ukarudishwa. Wakapiga makofi, wengine kwenye mdundo na wengine karibu na mdundo. Kwenye pigo la nne mguu ukainuka, baba wa bibi harusi akavuka geti, na mistari yote ikamfuata ndani ya uani.

"Tena," alisema alipofika ukutani. "Desemba sitaki kumsikia mtu wa Taung akisema tumeingia vipande vipande."

Dipuo, kutoka nyuma kabisa, akauliza kama wanaweza kunywa maji kwanza. Akajibiwa kwamba hapana.